Mcheza Angani Tusimtunze

Jumamosi moja nikiwa sokoni Muthurwa, ndege ndogo ya kibinafsi ilitokea upande wa eneo la viwanda, ikashuka mno juu ya mapaa ya nyumba kongwe zilizojengewa wafanyakazi wa reli. Ikalala ubavu, ikazunguka, kisha ikapanda wima na kutoweka. Wachuuzi walishangilia. Mvulana mmoja wa shule aliyekuwa kando yangu akasema, "Mzee, huyo ndiye rubani!" Nilitabasamu, ila moyoni sikukubaliana naye.

Neno rubani lina asili ya Kiarabu, na kabla ya ndege kuwako lilikuwa neno la mabaharia. Rubani alikuwa mjuzi wa njia za majini, aliyekiongoza chombo hadi bandarini bila kupanda mwamba. Sifa yake ilikuwa kujua kina cha maji. Kwa ndege, kina hicho ni kimo. Anayekitupa kimo chake ili ashangiliwe amelisaliti jina analoitwa.

Tuitazame sababu yenyewe. Ndege inapozunguka ikiwa imelala kwa nyuzi 60 bila kushuka, mabawa hubeba mzigo maradufu ya uzito wake. Ile iliyoweza kuelea kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa sasa huhitaji takriban 113. Ikipungukiwa na mwendo huo, mabawa huacha kuinua, nayo huporomoka. Dawa ni kuinamisha pua na kushuka ili mwendo urejee. Kwenye futi 3,000 rubani ana nafasi ya kufanya hivyo. Kwenye futi 200 ardhi humfikia kwanza. Isitoshe, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ndogo hupungukiwa nguvu.

Anayecheza hivyo hajihatarishi peke yake. Agosti 22, 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege kuukuu ya kivita iliyomilikiwa na watu binafsi ilikuwa ikipiga duara la wima katika maonyesho. Ilifika kileleni ikiwa kwenye futi 2,700 hivi, ilhali ilipaswa kufika 3,500. Ikaangukia barabara kuu na kuwaua watu 11. Rubani alinusurika.

Hapa kwetu, Agosti 7, 2025, ndege ya kubebea wagonjwa ilianguka Mwihoko, Kiambu, muda mfupi baada ya kuondoka uwanja wa Wilson. Waliokuwamo wanne walikufa, pamoja na wawili waliokuwa chini. Hiyo ilikuwa safarini, si mchezoni. Ikiwa safari yenyewe yaweza kuleta msiba juu ya makazi ya watu, ya nini kuongeza mchezo? Muthurwa, wenye soko, kituo cha matatu na nyumba zilizobanana, hauna hata uga wa ndege kuangukia.

Watakaosema kwamba sarakasi za angani ni fani wamesema kweli. Zina mafunzo yake na mahali pake: juu sana, mbali na watu. Kanuni za kimataifa huitaka ndege iliyo juu ya mji, isipokuwa inapopaa au kutua, iwe angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho karibu nayo. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege inao wajibu wa kuzisimamia kanuni hizo bila kumstahi mwenye fedha.

Walimu wenzangu, nasi tuna wajibu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu hachezi kwao. Anacheza juu ya kwetu, na makofi yetu ndiyo tuzo inayomrudisha. Tuwafunze vijana kumstahi rubani anayepita juu kabisa, kimya, asiyetambuliwa na yeyote sokoni.