Tunadai Mafuvu Berlin, Kalenga Hatufiki

Kila mjadala wa mali zetu za kale zilizochukuliwa na Wajerumani unapoibuka, vyuo vyetu hujaa hamaki, na hamaki hiyo ina haki. Mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, iliyochimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ingali Berlin. Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi kwa ukatili wa Vita vya Maji Maji, lakini kichwa cha Nkosi Songea Mbano bado kinasubiriwa na ukoo wake. Dai ni halali. Ninachokipinga ni tabia ya kudai kilicho mbali kwa sauti kubwa, ilhali wengi wa wadai hawajapata kukanyaga pale kilipohifadhiwa kile kilichokwisha kurudishwa.

Chukua mfano wa Iringa. Kutoka mjini hadi Kalenga ni kama kilomita 15 tu. Hapo palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894, na hapo leo kuna makumbusho yenye fuvu linalotambuliwa kuwa lake. Ukishika barabara ya Mbeya kwa takriban kilomita 20, unafika Isimila, penye zana za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 200,000. Upande wa mashariki ya mji kuna Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Emil von Zelewski na kumwua yeye mwenyewe. Katikati ya mji lipo boma la Kijerumani lililogeuzwa makumbusho mwaka 2016. Safari zote hizi mtu huzimaliza kwa siku mbili, na kila jioni akalala kwake.

Tutaambiwa fedha hazipo. Lakini fedha za semina za siku tatu hotelini hupatikana, na magari ya serikali hayakosi mafuta ya kwenda kuzifungua. Lililokosekana ni kuona umuhimu. Hata ukarabati wa boma lile la Iringa ulitegemea fedha za Umoja wa Ulaya. Taifa linalosubiri Ulaya ilipie kumbukumbu ya mateso lililotendewa na Ulaya lina la kujiuliza.

Wengine watasema kwamba yote hayo yamo vitabuni. Sivyo. Kitabu cha shule humwambia mwanafunzi kuwa fuvu lilirudi mwaka 1954, kisha hufunga mlango. Anayesimama mbele ya fuvu lenyewe hulazimika kuuliza. Kwa nini Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita walirejeshe, na bado ikapita zaidi ya miaka 30? Kwa nini lilikabidhiwa na Gavana Twining, mtawala wa kikoloni mwingine, na siasa yake ilikuwa ipi? Je, ni la Mkwawa kweli, ikiwa Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi huko Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake? Na akifika Lugalo atauliza swali gumu zaidi: wale askari wengi wa Zelewski waliokuwa Waafrika, na wapagazi waliokufa pamoja nao, ni nani anayewakumbuka?

Haya ni maswali ya uraia. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilipoingizwa katika mtaala, tuliambiwa litajenga uzalendo. Uzalendo wa kukariri tarehe kwa ajili ya mtihani haudumu hata likizo moja. Anayejua kwamba ushujaa na usaliti vilitendeka kilomita chache kutoka nyumbani kwake ni vigumu kudanganywa na mwanasiasa anayeiuza historia jukwaani.

Ni kweli kwamba makumbusho zetu nyingi ni vyumba vidogo, vyenye maelezo mafupi na taa hafifu. Hiyo si sababu ya kuzikimbia. Taasisi isiyo na wadai haina wa kuitetea bajeti ikipangwa.

Basi ndugu mtumishi wa halmashauri, andika safari moja ya kila shule katika bajeti ya mwaka ujao, nawe uwe tayari kuitetea mbele ya madiwani. Ndugu mwanaharakati, waraka wako kwa Berlin uambatane na waraka mwingine kwa Dodoma, ukiuliza mafuvu yakirudi kesho yatawekwa wapi, chini ya uangalizi wa nani, na kwa fungu lipi. Nawe mwanafunzi, nauli ya daladala hadi Kalenga haihitaji mkopo wa Bodi. Nenda na daftari, muulize mhifadhi maswali magumu, kisha urudi utusumbue sisi wahadhiri wako.