Kilaza ni nani, mwanafunzi au mhadhara?

Kila mwaka matokeo ya vyuo vikuu yakitoka, mitaani tunasikia wimbo ule ule. Fulani kadisco. Fulani ana sapu tatu. Baba aliuza kiwanja, dada akakopa kwenye upatu, na leo kijana yuko kijiweni anakwepa macho ya majirani. Wakubwa wana jibu moja la haraka: huyo ni kilaza.

Neno hilo halikuanzia kijiweni kwetu. Juni 2016 Rais John Magufuli alilitamka hadharani pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwazungumzia vijana wa stashahada maalumu ya ualimu waliokuwa wametimuliwa Chuo Kikuu cha Dodoma siku chache kabla. Walikuwa zaidi ya 7,000. Walitimuliwa wakati gani? Wakati wahadhiri wao hawaingii darasani kwa sababu ya mgogoro wa malipo! Yaani mwalimu hafundishi, malipo hayaeleweki, anayefungashiwa virago ni mwanafunzi. Wabunge wa upinzani walipotaka Bunge liache shughuli nyingine lijadili jambo hilo, wakazimwa.

Sasa mimi nauliza: kabla ya kumwita mtoto wa mlalahoi kilaza, kuna kigogo yeyote aliyewahi kuuliza huyo mtoto anafundishwaje?

Sikiliza wanafunzi wenyewe wanavyosimulia. Ukumbi mmoja, vijana mia tatu au zaidi. Waliochelewa wamesimama dirishani. Mhadhiri anaingia na noti zake, anazisoma kwa Kiingereza saa nzima, anauliza kama kuna swali. Kimya. Anafunga kitabu anaondoka. Kiongozi wa darasa anapeleka noti kwenye duka la kutoa kopi, zinageuka kuwa "desa", na mtihani ukikaribia kila mtu anakariri desa kama kasuku. Siku ya mtihani anamwaga alichokariri, kesho yake amesahau.

Ule ukimya una maana gani? Wakubwa wanadhani vijana wameelewa. Wapi! Kusimama mbele ya watu mia tatu na kuuliza swali kwa Kiingereza ambacho hukuzoea ni sawa na kujivua nguo sokoni. Ukikosea wanakucheka. Kwa hiyo kijana wa Manzese au wa Kwamtipura anameza swali lake, na lile swali linakuja kumtokea kwenye mtihani likiwa na alama ishirini.

Ndugu msomaji, hapo ndipo mchujo unapofanyika. Mtoto aliyesoma shule ya bei mbaya tangu chekechea, anayezungumza Kiingereza na baba yake mezani, anaweza kuelewa hata mhadhara mbovu. Akikwama analipa mtu amfundishe pembeni. Mtoto wa shule ya kata alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimegeuzwa usiku mmoja. Hawa wawili wakiwekwa ukumbi mmoja na kusomewa noti zile zile, mshindi anajulikana kabla mbio hazijaanza.

Na hili la lugha serikali isijifanye haijui. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1991/92. Likatupwa kapuni. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikasema Kiswahili kitafundishia ngazi zote. Tukapiga makofi. Toleo la sera hiyo la mwaka 2023 likarudi pale pale: sekondari na kuendelea ni Kiingereza. Hiyo si danganya toto ni nini? Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili. Hakimu anaweza kumfunga mtu kwa Kiswahili, lakini profesa hawezi kumfafanulia kijana hesabu za uchumi kwa lugha hiyo!

Watakuambia Kiswahili hakiwezi elimu ya juu. Waulize mbona pale pale Mlimani, Kiswahili na isimu yake vinafundishwa kwa Kiswahili kuanzia shahada ya kwanza hadi ya uzamivu, na tasnifu zinaandikwa. Hakuna dari lililoanguka.

Lakini tusidanganyane kwamba lugha peke yake inatosha. Mhadhiri anaweza kusoma noti kwa Kiswahili na bado watu wakasinzia. Ugonjwa mkubwa ni ule mtindo wa mmoja kusema na mia tatu kunakili. Dawa yake inajulikana, na ni rahisi kuliko semina moja ya wakubwa kule Bagamoyo.

Pale Harvard, Marekani, profesa wa fizikia aitwaye Eric Mazur aligundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wanafaulu hesabu ngumu, lakini ukiwauliza jambo la msingi kwa maneno ya kawaida wanababaika. Tangu mwaka 1991 akabadili mtindo. Anafundisha kidogo, anatoa swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mmoja anajibu peke yake. Kisha anawaambia: geuka, mshawishi jirani yako. Ukumbi unavuma kama nyuki. Baada ya dakika chache wanajibu tena, na wengi waliokosea wanapata, kwa kuwa mwenzako aliyeelewa jambo leo asubuhi anajua vizuri zaidi wewe umekwama wapi kuliko profesa aliyelielewa miaka thelathini iliyopita. Ndipo profesa anafafanua.

Hapo kuna mtambo gani wa mabilioni? Majibu unaweza kuyaonyesha kwa vidole au kwa kadi za rangi. Na ukinong'ona na jirani yako, nani atakucheka? Utanong'ona kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa lugha yoyote itakayofungua kichwa. Yule aliyemeza swali lake sasa amepata wa kumuuliza.

Takwimu zipo pia. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Waliofundishwa kwa mhadhara wa kawaida walifeli karibu 34 kati ya 100. Walioshirikishwa darasani walifeli karibu 22. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ukaonyesha kwamba darasa la kushirikishana linapunguza kwa kama theluthi moja pengo la alama kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma, wakiwemo wa familia maskini, na wenzao. Umeona? Ukibadili namna ya kufundisha, baadhi ya "vilaza" wanafaulu! Basi ukilaza haukuwa kichwani mwao.

Watasema hayo ni ya Wazungu. Haya, vuka mpaka tu hapo Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi, tangu kilipopokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kimekuwa kikiwafundisha kwa vikundi vidogo vinavyopewa tatizo la mgonjwa na kutafuta majibu, na kuwapeleka vijijini wakajifunze kwa wananchi. Wakenya wameweza.

Na hata sisi tuliweza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Mlimani walikuwa na madarasa yao ya Jumapili, wanasoma na kubishana bila kukaririshwa. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo. Walitoa jarida lao, Cheche, na mwaka 1970 mwanafunzi Issa Shivji akaandika humo uchambuzi wa matabaka ambao unasomwa mpaka leo. Serikali ilifanya nini? Novemba 1970 ikalipiga marufuku jarida pamoja na chama cha wanafunzi hao. Pengine tusishangae kwamba watawala wetu hawana haraka na darasa la kubishana. Kijana aliyezoea kumuuliza profesa "kwa nini?" kesho atamuuliza mbunge.

Wapo walio na hali mbaya zaidi. Mwanafunzi asiyeona anakaa ukumbini huku mhadhiri anaelekeza ukutani: "kama mnavyoona hapa". Anaona nini? Kiziwi anakaa bila mkalimani wa lugha ya alama. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Kusoma kwa sauti kilichoandikwa ubaoni hakuhitaji bajeti. Kutoa noti wiki moja kabla ili zigeuzwe nukta nundu hakuhitaji mfadhili.

Mtu atasema, huyu mwandishi aliyeishia sekondari ya chuo kikuu yanamhusu nini? Yananihusu kwa sababu fedha ni zetu. Tangu mwaka 2016 aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo anakatwa 15 kwa 100 ya mshahara wake. Ukidisco, bumu limekwisha lakini deni liko palepale. Kuna pia mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu. Majengo tunayaona yanapanda. Sawa, kumbi zinahitajika. Lakini ukumbi mpya wa kusomewa noti za zamani ni mvinyo ule ule wenye chupa mpya, na mlipa deni ni wewe.

Simlaumu mhadhiri peke yake. Anapewa mamia ya karatasi za kusahihisha, na kupanda cheo kwake kunategemea zaidi machapisho kuliko ufundishaji. Mfumo unamwambia kufundisha vizuri ni hasara.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, ufundishaji upewe uzito wa kweli katika kupandisha vyeo. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kuuliza na kujadili kwa Kiswahili darasani, kuanzia muhula ujao, wakati serikali inaacha kigugumizi kuhusu sera. Tatu, kila chuo kitangaze kila mwaka ni wangapi wamedisco, kozi gani, na walitoka shule za aina gani, ili tujue nani anachujwa. Nne, hakuna kozi ya kufundishwa bila mpango wa wenye ulemavu.

Nawe kijana uliye chuoni, usisubiri waraka. Kesho mhadhiri akiuliza kama kuna swali, nyoosha mkono. Uliza kwa Kiswahili. Wakicheka wacheke, nusu yao hawajaelewa pia.