Karani hana kosa



Leo nataka kumtetea karani. Najua huko nyumbani mtaguna, maana kila mtu ana faili lake lililolala mahali. Lakini shahidi wangu ni mzito: Cyril Northcote Parkinson, Mwingereza aliyezaliwa 1909 na kufariki 1993.

Wengi wanamjua kwa mzaha wake tu. Kazi yake hasa ilikuwa historia ya majini. Alipata shahada ya udaktari hapa King's College London, akaandika juu ya biashara na vita katika bahari za mashariki enzi za merikebu za matanga. Baadaye, utu uzima ukiwa umeingia, akatunga riwaya za baharia aitwaye Richard Delancey.

Mwaka 1955 aliandika makala ya kuchekesha katika jarida la The Economist, akidai kwamba kazi hutanuka mpaka imalize muda wote iliopewa. Watu wakacheka, ikawa kama methali. Lakini mzaha ule ulisimama juu ya hesabu, na hesabu ilitoka baharini. Mwaka 1914 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na manowari kubwa 62. Kufikia 1928 zilibaki 20. Mabaharia na maofisa wao walipungua kutoka 146,000 hadi 100,000. Na watumishi wa makao makuu hapa London? Walikuwa 2,000, wakawa 3,569. Meli zinapungua, makarani wanaongezeka!

Halafu akawageukia waliokuwa wakitutawala. Wizara ya Makoloni ilikuwa na watumishi 372 mwaka 1935. Mwaka 1954 walikuwa 1,661, na hapo Ceylon na Palestina zilikwisha kuwatoka mikononi tangu 1948.

Sasa sikilizeni hapa. Parkinson hakusema watu hao ni wavivu. Alisema wamechoka kweli kweli! Afisa akizidiwa huomba wasaidizi wawili, si mmoja, asije akajipatia mshindani. Wasaidizi nao wanaomba wao. Wanaandikiana barua, mkubwa anasahihisha, jioni anatoka hoi. Watu saba wanafanya kazi ya mmoja na hakuna aliyekaa bure.

Ndiyo maana naona tunatibu ugonjwa mwingine. Novemba 2015 Rais Magufuli alikwenda Wizara ya Fedha kwa miguu bila taarifa, akakuta viti vitupu. Wengi walishangilia, na kiti kitupu kweli kinatia hasira. Lakini Parkinson angeuliza: viti vikijaa, faili litapita meza ngapi? Kila siku tunahesabu waliochelewa. Tuhesabu na meza.

Wengine watasema meza nyingi ni ajira za watoto wetu, na kila sahihi ni kufuli dhidi ya wezi. Ajira ni shida, nakubali. Lakini mhuri wa saba haumzuii mwizi, unampa mahali pengine pa kuombea chai.

Kwa hiyo mkienda ofisini, msimfokee dada wa mapokezi. Mwulizeni kwa upole barua yenu inapita kwa nani na nani, kisha andikeni idadi. Huyo dada mwenyewe huenda hajawahi kuulizwa, na anaijua kuliko waziri.