Namba ya kijani: simu ya mezani isinunuliwe kwa uzuri wa kioo

Kila mara ugonjwa wa mlipuko unapotangazwa huku mashariki mwa Congo, wakaaji wanapewa namba ya kijani ya kupiga bila malipo. Namba hiyo inasomwa redioni na kubandikwa kwenye milango ya vituo vya afya. Chumba ambamo simu hizo zinaingia hakizungumziwi sana, wala chombo kilicho mbele ya mpokeaji. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu ya Kaskazini ilidumu hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2.200. Katika hali kama hiyo, mama anayepiga usiku kusema mtoto anatapika damu, akikuta laini imejaa, huenda asipige tena.

Wakati wa kununua, macho ya wakubwa yanavutwa na kioo cha rangi, kamera na neno HD lililoandikwa kwenye kartoni. Kamera hiyo itampiga picha nani? Anayepiga yuko kijijini na simu ndogo ya tochi, na sauti yake inafika jinsi mtandao wake unavyoweza kuibeba.

Hesabu inapaswa kuanza kwa watu. Simu 120 kwa saa moja, kila moja dakika 3, ni dakika 360 za mazungumzo. Hiyo ni kazi ya watu 6 wasiopumua. Wakiwekwa 6, foleni itazidi kurefuka bila kikomo, kwa sababu simu haziji kwa zamu, zinakuja kwa mkupuo. Kwa kanuni ya Erlang, inayotumiwa na vituo vya simu duniani, wanahitajika 9 hivi ili simu 8 kati ya 10 zipokelewe ndani ya sekunde 20. Basi simu 10 rahisi zenye watu wa kuzipokea zinashinda simu 5 za kifahari.

Halafu kuna umeme, na hapo wakaaji wa Bukavu, Butembo au Lubumbashi hawahitaji mwalimu. Wengi wanashauri kuachana na simu za mezani na kupokea kwa kompyuta, kwa kuwa ni bei nafuu na mazungumzo yanarekodiwa kirahisi. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo umeme haukatiki. Lakini kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hupita wati 60 kwa urahisi, wakati simu inayopokea umeme kupitia waya uleule wa mtandao hula wati 3 hadi 6 tu. Simu 10 za namna hiyo, pamoja na swichi, modemu na mashine ndogo ya kugawa simu, ni karibu wati 130. Bateri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa hadi nusu ili isife mapema, inaweza kuzibeba karibu saa 4. Kwa hiyo simu isiyoweza kulishwa kwa waya wa mtandao isinunuliwe, hata ikiwa inauzwa nusu bei. Kila meza ingehitaji chaja yake, na chaja ndizo hupotea kwanza.

Jambo lingine linalosahauliwa ni kaske. Mtu anayepokea simu saa 8 huku ameshika mkono wa simu begani hawezi kuandika jina la mtaa vizuri. Simu iwe na tundu la kaske, na kila mpokeaji awe na yake. Kituo kinachopokea habari za mpox hakiwezi kuacha zamu ya asubuhi imwachie zamu ya jioni sponji zenye jasho.

Kitufe cha kuhamisha simu nacho kiwe wazi, chenye taa inayoonyesha ni nani yuko huru. Anayepiga kutoka Lubero huenda anaongea Kinande tu, na mpokeaji wa Kiswahili ana sekunde chache za kumtafutia mwenzake kabla hajakata.

Hata hivyo, chombo hakiponyi laini mbovu. Setelaiti za zamani, zilizo juu kilomita karibu 36.000, huchelewesha sauti robo ya sekunde kwenda upande mmoja, wakati kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni milisekunde 150. Watu wawili wanaishia kukatizana maneno, na hakuna simu ya dola 300 itakayorekebisha hilo.

Wanaoandaa manunuzi wangeomba simu 2 za kujaribu kwa wiki moja, wazime umeme makusudi mara kadhaa, kisha wamwulize mpokeaji wa zamu ya usiku kabla ya kusaini.