Kabla ya kununua ufunguo mpya wa Windows

Kwa wanaotaka kupiga Windows upya na ufunguo hawauoni: msikimbilie kununua. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye zina ufunguo wake, herufi na tarakimu 25, ndani ya ubao mama, na Windows huusoma yenyewe. Kwa Windows 10 au 11 iliyowahi kuamilishwa kwenye mashine hiyohiyo, ruka hatua ya ufunguo, chagua toleo lilelile, Home au Pro, kisha unganisha intaneti. Kwa Windows 7, geuza mashine utafute stika yenye ufunguo chini, au toa betri uitafute humo. Ikiwa maandishi yameanza kufutika, ipige picha leo. Mafundi, mwambieni mteja haya kabla ya kumtoza hela.