Kabla ya kulipia taroti, uliza karata ya nane ni ipi

Mwezi uliopita nililipa mia tatu hapa Ruring'u ili karata za taroti ziniambie kama nirudi chuo. Niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda, na siku hizi nyumbani hakuna anayeniuliza tena. Rafiki yangu anayesoma karata akazichanga, nikavuta moja. Nambari nane. Akafungua kijitabu: Haki, eti navuna nilichopanda.

Nikanyong'onyea. Kisha nikaangalia picha: mwanamke ameshika mdomo wa simba. Mizani iko wapi? Upanga je? Kumbe karata ni za pakiti moja, kijitabu ni cha pakiti nyingine! Karata yangu ilikuwa Nguvu.

Mchanganyiko huu una historia. Taroti ilianza kama mchezo wa kawaida kaskazini mwa Italia karne ya 15. Habari za siri za kale zilibandikwa baadaye, kule Ufaransa, karne ya 18. Katika taroti ya zamani ya Marseille, Haki ni 8 na Nguvu ni 11. Mwaka 1888 ikazuka London jamii ya siri iliyoitwa Golden Dawn, ikataka karata zifuate mpangilio wa nyota. Kwenye nyota, Simba hutangulia Mizani, basi Nguvu ikapelekwa 8 na Haki ikaenda 11. A. E. Waite na mchoraji Pamela Colman Smith, wote wanachama, wakachapisha hivyo mwaka 1909. Aleister Crowley, naye aliyepitia humo humo, akarudisha nambari za zamani katika taroti yake ya Thoth iliyochorwa na Frieda Harris, ila nyota akaziacha kwenye karata zilezile.

Sasa ipi ni sahihi? Mimi nauliza kwanza: sahihi kwa mila ya nani? Ukitaka alama za Golden Dawn waziwazi, chukua Thoth; hata karata ndogo zina alama za sayari na nyota. Ya Waite imeficha mengi, lakini karata zote 78 zina picha inayosimulia jambo, kwa hivyo inamfaa anayeanza. Marseille ukiipima kwa Golden Dawn unaionea, maana ilikuwepo kabla yao. Nisizoziamini ni zile za mtandaoni zinazomgeuza simba kuwa paka ili zipendeze. Ukimtoa simba umekata kamba inayoifunga karata na nyota yake. Umebaki na picha ya paka.

Najua wengine mtasema yote ni upuzi. Pengine. Lakini hata upuzi una sheria zake, na anayelipisha watu azijue.

Kinachoniuma ni kwamba tunaweza kubishana hadi usiku kuhusu alama za London, lakini je, gĩcandĩ? Kile kibuyu cha Wakikuyu chenye alama zilizochongwa, ambacho mwimbaji alikitikisa akiimba mafumbo yake. Mmishonari Vittorio Merlo Pick aliyahifadhi mafumbo hayo katika kitabu kilichotoka 1973. Kimani Njogu ameyachambua. Ngũgĩ naye alimfanya mcheza gĩcandĩ kuwa msimulizi wa Caitaani Mũtharaba-inĩ. Hata hivyo, ukiniwekea kibuyu halisi na kingine cha kuuziwa watalii pale ikweta Nanyuki, sitajua kipi kinanidanganya. Nilimuuliza shosho. Alisema alikisikia kikitikiswa akiwa mdogo, lakini alama hakufundishwa.

Rafiki yangu alitaka kunirudishia mia tatu yangu. Nikamwambia akae nayo, atafute kijitabu kinacholingana na karata zake. Chuo bado sijaamua. Ila wiki hii naenda maktaba hapa mjini kuuliza kama wana kitabu cha Pick.