Mlinzi wa Kompyuta ya Nyumbani
Familia nyingi hapa kwetu Chemchem zina kompyuta moja itumiwayo na wote: watoto huandikia kazi za shule, baba huweka hesabu za duka, mama huhifadhi picha za harusi. Virusi vikiingia, hasara ni ya nyumba nzima, na aghalabu huletwa na flashi iliyopita steshenari.

Je, tununue kinga gani? Kwanza, tutazame tulichonacho. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, bila malipo. Kwa nyumba nyingi yatosha, mradi masasisho yapokelewe. Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi na kudai dola 300, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa dawa yake tangu Machi. Mwenye Windows 10 naye ajue kuwa masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025; kompyuta ikimudu, ahamie 11.

Pili, tusihadaike na neno bure. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea wateja wake. Mlinzi auzaye siri za nyumba amevunja amana.

Tatu, hakuna kinga isiyopenyeka. Basi tunakili picha na kazi za watoto kwenye diski ya nje, kisha tuichomoe na kuihifadhi kabatini.